Sanduku la Barua la Kitalu Programu

1

Mara ya ishirini na tisa nilipomwambia mama kwamba mdogo wangu Kajiru amekufa, nilikuwa nimeshamtoa kisu mkononi. Hilo la kisu nilijifunza mara ya nne. Mara ya sita nilijifunza kungoja ale kwanza. Mara ya kumi na moja nikajifunza kumkalisha mbali na mlango, maana alitoka mbio mpaka barabarani akimwita. Nikadhani nimeshajua kila cha kuzuia. Sufuria sikuifikiria.

"Kajiru ameshatoka shule?" mama aliuliza. Alikuwa anakoroga makande ya usiku. "Mwambie akivua sare asiitupe chini."

"Mama, kaa kidogo."

"Nikae nini, haya yanashika chini."

"Kajiru hayupo, mama. Mlikuwa mnashuka na bajaji iliyopakia tangawizi kutoka milima ya Mamba. Waya wa breki ulikatika. Wewe uliumia kichwa, yeye alifariki palepale. Ni miaka miwili na miezi mitano sasa."

Alinitazama kama mtu anayesemeshwa lugha ya ugenini. Kila mara hunitazama vile, na kila mara mimi husubiri ile lugha imfikie. Safari hii ilipomfika hakupiga kelele. Aliacha mwiko, akatumbukiza mkono kwenye sufuria polepole, kama anayetafuta kitu alichokiangusha humo.

Nesi Nanzia wa zahanati ndiye aliyemfunga ule mkono. Alipomaliza akanivuta ukumbini.

"Presha yake imefika mahali sipapendi kabisa," alisema. "Ukimpa mshtuko kama huu mara mbili, tatu tena, moyo utagoma. Nakwambia wewe, yeye sina haja ya kumwambia, mwezi ujao atakuwa hakumbuki."

"Nifanyeje sasa?"

"Kifungo chake kirekebishe."

"Hakijaharibika, nesi. Ndivyo kilivyo."

"Basi mtafute aliyekifanya hivyo. Wewe si ndiye fundi?"

Ni kweli, mimi ndiye fundi. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, ila vifungo nimevifungua vingi kuliko mtu yeyote hapa Same. Kifungo ni kidogo kama cha shati, kinabandikwa nyuma ya sikio. Huvaliwa na watu ambao vichwa vyao vimeumia, wasioweza kushika jambo jipya, wakilala linatoka. Hakisemi chochote. Kilichomo humo mvaaji anakijua tu, kama wewe unavyolijua jina lako.

Vifungo vyenyewe vililetwa nchini vikiwa vitupu, bila programu. Programu za kununua zilikuwa nzito, zikavipasua kwa joto. Mafundi wa zamani, walionifundisha mimi, wakahangaika mpaka wakakuta moja nyepesi ya Kiswahili iliyotengenezwa kabla hawajazaliwa. Inaitwa Kumbuka. Ikaingia, ikakaa. Tatizo lake ni moja: ni ya majaribio. Siku ya thelathini inajifunga na kudai namba, na namba hakuna anayeijua.

Dawa yetu ni kurudisha tarehe. Kila mwezi wavaaji wanakuja kibandani kwangu, wanapanga foleni, namgusisha kila mmoja kirudishi nyuma ya sikio na kifungo kinaamini leo ni siku kilipobandikwa. Kinafunguka. Lakini kila alichokishika mtu tangu siku hiyo sasa kina tarehe ambayo haijafika. Kumbuka ikikuta jambo la kesho inaliona kosa, inalitupa.

Kwa wengi si kitu. Wanasahau umbea wa mwezi mmoja, wanausikia upya, wanafurahi tena. Kwa mama yangu, Kajiru anarudi kuwa na miaka tisa.

2

Ndani kabisa ya Kumbuka kuna mstari mmoja ambao mafundi wote tumeuona na kuupita: *Kitalu Programu, Moshi. Zawadi ya jarida la Kompyuta Nyumbani, Agosti 2004.* Kitalu Programu ilikufa zamani. Haimo kwenye daftari la kampuni wala kwenye mtandao wowote. Nilipowauliza mafundi wenzangu walinicheka.

"Unamtafuta marehemu akupe namba?" Fundi Senzia aliniuliza. "Rudisha tarehe, dada, kula maisha."

Mimi si mtu wa kubishana. Nilianza na mashule. Shule ya tano ilikuwa na stoo ambayo sasa wanaweka betri za jua, na nyuma ya betri kulikuwa na maboksi ya majarida yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Mlinzi wa shule, Mzee Mrutu, alikaa kwenye ndoo akinitazama nikiyafunua moja moja.

"Ya picha ndiyo mazuri," alisema. "Hayo yana maandishi tu."

"Natafuta la Agosti."

"Agosti ya mwaka huu?"

"Ya miaka hamsini na nne iliyopita."

"Umechelewa kidogo," alisema Mzee Mrutu.

Nilikuwa nayo siku mbili. Kwenye jalada la Agosti kulikuwa na mfuko wa plastiki uliogandishwa kwa gundi, na ndani ya mfuko sahani nyembamba inayong'aa, yenye tundu katikati. Haijawahi kutolewa. Mzee Mrutu aliniambia inaitwa sidii, na kwamba baba yake alitundika nyingi kama hizo shambani kufukuza ndege.

Kisomeo cha sidii nilikitafuta siku nane. Nikakipata ndani ya redio ya gari bovu la kanisa, lile lililokuwa likibeba maiti. Nikakiunganisha na mashine yangu. Sidii nikaiosha kwa maji na sabuni, nikaifuta kwa kanga kuukuu kutoka katikati kwenda ukingoni, maana nilihisi nikifuta kwa kuzungusha nitaikwaruza. Ilisoma mara ya tatu.

Ndani yake mlikuwa na programu arobaini za kila aina, na Kumbuka ilikuwa ya mwisho. Pembeni yake kulikuwa na faili la maneno linaloitwa NISOME. Kwenye vifungo faili hilo halimo, mafundi walilikata ili programu ienee. Mimi husoma polepole, neno na neno, na lile nililisoma hivyo.

*Hii ni programu ya kujaribu kwa siku thelathini. Ukiipenda usitume fedha. Tuandikie barua, utueleze unaitumia kwa kazi gani. Sisi tutakutumia namba yako. Kitalu Programu, S.L.P. 6114, Moshi.*

Nikalisoma tena. Miaka yote ile tulikuwa tunairudisha tarehe, na bei yenyewe ilikuwa barua.

3

Posta ya Moshi wamebakiza ukuta mmoja wa masanduku ya chuma. Wenyewe wengi ni wazee. Nililiona 6114 kwenye safu ya chini, na kabla sijauliza chochote nilitazama matundu ya funguo. Mengi yana kutu. La 6114 lilikuwa jeupe, limesuguliwa na ufunguo.

"Sanduku hili lina mtu?" nikamuuliza karani. Kibao chake kilisema Kirumbi.

"Lina ufunguo. Mtu siruhusiwi kukwambia."

"Huwa anakuja siku gani?"

"Hilo nalo siruhusiwi."

"Naruhusiwa kukaa kwenye benchi?"

Kirumbi alifikiri. "Benchi ni la umma."

Nikakaa. Siku ya kwanza alinipita mara tano bila neno. Siku ya pili akaniuliza kama nina kwetu. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akaniletea chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati.

"Tukuorodheshe kwenye mali za ofisi?" alisema. "Meza mbili, mizani moja, dada mmoja."

"Niandike dada mpole."

"Mpole sijui. King'ang'anizi nitaandika." Kisha akageuka, akaanza kufuta mizani iliyokuwa safi tayari, na akasema kwa sauti ya kuiambia mizani, "Alhamisi ni siku nzuri, watu wengi huja Alhamisi."

Ilikuwa Alhamisi. Saa tano akaingia bibi mmoja mrefu, mkongojo mkononi, kofia ya sufu kichwani na joto lote lile. Aliinama kwa shida kwenye safu ya chini. Nilitegemea sanduku tupu na bibi anayelifungua kwa mazoea. Akatoa barua. Akatoa nyingine, akatoa fungu zima lililofungwa kwa mpira. Nilizihesabu kwa macho, zilikuwa kumi na nne, zimeandikwa kwa mkono, na zote kwa kampuni ambayo haipo.

Nikainuka, nikamfuata.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayelala kwenye benchi?"

"Silali, bibi. Nakaa."

"Unataka nini?"

"Namtafuta mwenye Kitalu Programu."

Alinitazama mikono, si uso. Mafundi wa vifungo vidole vyetu vina alama za moto wa risasi ya kuchomelea waya.

"Fundi," alisema. "Hatimaye amekuja mmoja. Nibebee hizi barua, mgongo hauko vizuri."

4

Bibi Ndelilio, ndivyo alivyojitambulisha njiani nilipomwambia natoka Same, alikuwa na nyumba ndogo Rau, pembeni ya mji, karibu na mifereji ya migomba. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja na kabati la mbao lenye vidroo vingi vyembamba.

"Kampuni ilikuwa na watu wangapi?" nilimuuliza.

"Mimi na hii meza." Alikaa kwa kujishika. "Baba yangu alianza kusahau majina. Anamwita mama jina la shangazi, vita kila siku. Nikamtengenezea kitu cha kumuuliza kila asubuhi, huyu nani, yule nani. Watu wa jarida wakakiona, wakakigandisha kwenye jalada. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nikajiona tajiri."

"Kwa nini siku thelathini?"

"Zote zilikuwa hivyo enzi zile. Wenzangu walidai fedha. Mimi niliona haya kudai, nikaomba barua. Zilikuja tatu. Moja ilikuwa ya matusi." Akacheka kidogo. "Halafu miaka arobaini kimya. Sanduku nililishika kwa ukaidi tu. Siku moja nikafungua nikakuta barua ya mtu wa Korogwe, ananiambia nimo nyuma ya sikio lake."

"Alijuaje anwani?"

"Wote wanaijua."

"Akina nani wote?"

"Wanaovaa. Nyinyi mlilikata faili, hamkuukata ukurasa wa kufungulia. Umo ndani: siku zako zimebaki ngapi, andika wapi, useme nini, namba ikija uiingize vipi. Kirudishi chenu kinauruka ukurasa huo ndiyo maana hamjauona. Lakini mvaaji anaujua kila siku ya mwezi. Mlikuwa mmuulize tu."

Nilikaa na kikombe mkononi. Watu mia na kumi huja kibandani kwangu kila mwezi. Nawauliza habari za nyumbani, nawauliza kama kifungo kinawasha. Mzee Mshana aliacha kuja mwaka juzi, nikadhani amehamia kwa mwanawe. Mama wa mashine ya kusaga naye aliacha. Niliwaombea, nikidhani wamekufa. Kumbe waliandika barua.

"Basi nami naomba namba," nikasema. "Si ya kwangu, ni ya mama. Anaitwa Namkunda Mbwambo, wa Same."

Bibi Ndelilio alikuwa ameinua birika animiminie. Akalirudisha chini bila kumimina.

"Wewe ndiye Nakijwa," alisema.

Sikuwa nimemtajia jina langu.

Alinyanyuka, akavuta droo ya tatu kutoka chini, akanipa bahasha nne. Mwandiko niliutambua kabla sijazishika, ile K ya mama yenye mkia mrefu. Mama aliniandikia jina langu kwa K ile kwenye madaftari yote ya shule.

"Ameomba namba mara nne," bibi alisema. "Kila mara nimemtumia, na kila mara ameirudisha na barua moja ya hizi kabla mwezi haujaisha. Na mara zote hakujua kama aliwahi kuandika. Soma. Nimefikiri sana kama nikuoneshe, tangu uliposema Same."

Nikaichukua ya kwanza iliyokuja mkononi. Ilikuwa ya kurudishia namba.

*Kwa Kitalu Programu. Nawashukuru kwa namba, nairudisha. Nilipoiomba nilikuwa nimechoka kufiwa upya. Sasa nimejua jambo jingine. Binti yangu akinisimulia ajali kuna mahali anaruka. Akisema waya wa breki ulikatika anatazama mikono yake. Jirani amekuja kunipa pole akidhani najua, akanimalizia. Waya ule aliufunga yeye, Nakijwa. Ulikuwa umeshakatika akauunga kwa kuuchoma akaniambia utashika. Tangu siku hiyo simpendi. Nasema kweli kwenu kwa kuwa hamnijui. Juzi aliniletea chakula nikamwaga akiwa ameenda kazini. Nimemtazama akilala nikawaza mabaya. Nikiiweka namba hii nitakuwa mama huyu mpaka nife. Nisipoiweka, wiki ijayo nitaamka nampenda. Afadhali nifiwe kila mwezi na mmoja kuliko kufiwa na wote wawili. Msimpe namba hata akija mwenyewe. N. Mbwambo.*

Nilisoma zote nne. Nilipomaliza nilianza tena ya kwanza, maana nilidhani nimesoma vibaya. Moja alijua kwa jirani, moja alikuta risiti ya spea. Mbili alijua kwa kunitazama tu. Na mara zote nne, akiwa hana habari na zile nyingine, alifika palepale.

Ni kweli niliufunga mimi. Nilikuwa na waya mpya kibandani, ila ulikuwa wa mteja, naye angekuja kuuchukua kesho yake. Nikauunga ule wa zamani, nikasema utashika mpaka Jumamosi. Mama akashuka Ijumaa, na Kajiru akapanda nyuma kwa kuwa shule ilifunga mapema. Mara ishirini na tisa nimesimulia ajali ile na mara ishirini na tisa nimesema "ulikatika".

"Mteja wangu ni yeye, si wewe," alisema Bibi Ndelilio. "Ameshasema hapana mara nne. Mtu angekataa mara nne kitandani hospitalini, ungemshika umchome sindano?"

"Kuna jambo hakulijua alipoandika," nikasema. "Moyo wake umechoka. Nesi amesema mara mbili, tatu tena. Tazama alichojifanyia mwezi huu, ametia mkono kwenye makande yanayochemka. Yeye anadhani gharama ni kulia tu. Kila mwezi hajui kwamba zimeshakuwa ishirini na tisa."

Nje mtu alikuwa anafungulia maji mferejini, unayasikia yanavyokuja.

"Hilo hakuliandika," alisema.

"Hakulijua."

"Na wewe, ukipewa namba, utaiweka kabla ya kumwambia au baada?"

Nikiiweka bila kumwambia, ataamka siku ya thelathini na moja akiwa na mwezi wote kichwani na uongo wangu ndani yake, umefungiwa humo. Nikimwambia kwanza, atakataa mara ya tano, na mimi nitamrudishia tarehe mwenyewe mpaka moyo usimame. Nikiondoka bila namba, nitakuwa nimemtii. Nilizigeuza hizo njia tatu na zote zilikuwa na mkono wangu ndani.

Bibi Ndelilio akatoa karatasi na kalamu, akavisukuma mezani.

"Kampuni hii ina sharti moja tu," alisema. "Unaitumia kwa kazi gani. Wavaaji wote wameniandikia. Fundi, hakuna."

Nilichukua muda mrefu. Kuandika si kazi yangu. Mwishowe nikampa hii:

*Naitwa Nakijwa Mbwambo, fundi wa vifungo, Same. Programu yenu naitumia ili mama yangu asijue kwamba nilimuua mdogo wangu kwa kutotaka kumkosea mteja. Nilikuwa nasema ni kwa ajili yake.*

Aliisoma akiwa amevua miwani na kuisogeza karatasi puani. Akaiweka kwenye droo ya tatu, pamoja na zile nne. Kisha akaandika tarakimu kumi na mbili nyuma ya kadi.

"Ukiiweka haitoki," alisema. "Sikuwahi kutengeneza njia ya kuitoa. Sikufikiri kuna mtu angetaka. Na barua zake zichukue. Ni zake."

5

Nilifika nyumbani siku ya ishirini na tisa, mchana. Mama alikuwa uani na ungo wa maharage, anachambua kwa mkono mmoja, ule wa bendeji ameuweka pajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Siku nne Moshi, umepata mchumba?"

"Nimepata bibi."

"Si haba." Alitupa kijiwe. "Kesho ndiyo siku ya kirudishi, najua. Siku imebaki moja. Andika Sanduku la Posta 6114." Aliyasema kama mtu anayesoma kibao cha dukani.

Nikakaa chini mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanipotea.

"Mama, kuna mahali huwa naruka nikikusimulia."

"Waya," alisema. Hakuinua macho.

"Umejua lini?"

"Siku ya pili. Ulifika kwenye breki ukatazama mikono yako. Nimekuzaa mimi, Nakijwa, nitashindwa kukusoma?" Aliendelea kuchambua. "Nilikuwa nangoja kesho ifike iniondolee. Sasa umelianzisha, lisimulie lote."

Nikalisimulia. Waya mpya, mteja, kibanda, Jumamosi, Ijumaa. Sikulia, maana nilihisi nikilia atalazimika kuninyamazisha. Nilipomaliza nikampa zile bahasha. Alizisoma moja baada ya nyingine akizishika kwa vidole vya mkono mzima. Kuna mahali alirudia mara mbili, akitikisa kichwa.

"Huyu mwanamke ana huruma kuliko mimi," alisema mwishowe.

"Ni wewe, mama."

"Sijamwona. Mimi ninayemjua ni huyu wa mwezi huu." Akazikunja. "Nesi anasemaje kuhusu moyo? Nilimwona alivyokuvuta ukumbini."

"Mara mbili, tatu tena."

"Hm."

Kuku wa jirani aliingia uani, akatutazama, akatoka.

"Niliwahi kukusamehe?" mama aliuliza. "Katika hiyo miezi yote, hata mara moja?"

"Hapana. Ulisahau tu."

"Basi hukusamehewa. Ulifichwa."

"Ndiyo mama."

"Na nikikusamehe leo hii, keshokutwa?"

"Utakuwa hujui kama kuna kitu cha kusamehe."

Aliweka ungo chini. Ndipo aliponitazama, na sikupenda nilichokiona, lakini sikuondoa macho.

"Sijakusamehe. Usije ukasikia vingine."

"Sisikii vingine."

"Inaweza kunichukua miaka. Inaweza nisiweze kabisa. Utapika na sitakula."

"Nitapika."

"Utaniamkia na sitaitikia, na watu watasikia."

"Wasikie."

"Basi weka," alisema. "Hiyo miaka naitaka yote, nisianzishwe upya kila mwezi kama mtoto wa darasa la kwanza."

Aligeuza shingo, akasogeza kitambaa. Nilikiunganisha kifungo na mashine yangu, nikaingiza tarakimu zile kumi na mbili, na ya saba niliikosea, nikafuta nikaanza tena. Kwenye kioo yakatokea maneno ambayo hakuna fundi wa Same aliyewahi kuyaona: *Asante kwa barua yako.* Hayakuuliza kama nina hakika.

Siku ya thelathini watu walipanga foleni kibandani. Kabla sijamgusa mtu yeyote nilimuuliza kila mmoja anakumbuka anwani gani, na wote waliitaja. Nikawapa karatasi. Wachache walikasirika, wakataka tarehe yao irudishwe kama kawaida, nami nikairudisha bila kuwauliza sababu.

Siku ya thelathini na moja niliamka nikamkuta mama ameketi uani, amejifunika shuka, anatazama upande wa milima ya Mamba. Hakuuliza mtu yeyote yuko wapi.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. Jirani aliyekuwa anafagia upande wa pili akasimamisha ufagio.

Nikawasha moto, nikapika. Hakula. Nikaifunika sahani, nikaenda kazini, na jioni nikapika tena.